Pembe Isiyo na Kazi Nyumbani

Katika mazungumzo haya twataka kunena juu ya jambo dogo ambalo kila mwenye nyumba analo, naye hulipita kila siku pasipo kulitazama. Ni ile pembe isiyofaa. Katika nyumba moja ni nyuma ya mlango, mahali ambapo kiti hakiingii wala kitanda hakitoshi. Katika nyumba nyingine ni kati ya nguzo na ukuta, au chini ya dirisha, au ule mwanya ulio juu ya mlango ambapo buibui ndiye mpangaji wa pekee. Mahali kama hapo hapakai wazi muda mrefu. Hutupwa jembe lililovunjika mpini, kisha ndoo iliyotoboka, kisha gunia la mahindi, na mwaka ukiisha hapana ajuaye kilichomo chini ila panya.

Tumetaja gunia la mahindi makusudi, maana ndilo linalotufanya tuandike. Jembe bovu likikaa pembeni halimdhuru mtu. Gunia la chakula likikaa pembe mbaya laweza kuwaua walao.

Kwanza tutazame nyumba ya zamani. Wazee wetu walikuwa na mahali pasipofaa kama sisi, nalo lilikuwa chini ya paa. Paa la nyasi huinama, na penye mwinamo mtu hawezi kusimama wala kulala. Je, walipaacha? La. Katika nyumba za kale za Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, palitengenezwa dari ya miti ndani ya nyumba, na nafaka ikawekwa juu. Katika nchi nyingi nyingine watu walifunga uchaga juu ya meko, yaani jukwaa la fito, wakapanga juu yake mahindi, mtama na mbegu za mwaka ujao. Moshi ulipanda kutwa kucha ukapita kati ya fito. Joto lilikausha punje, na wadudu hawakupenda kukaa penye moshi. Hivi mahali pabaya kuliko pote nyumbani palikuwa ghala, wala ghala hilo halikuhitaji dawa nyingi, ila mwanamke aliyewasha moto wake kila siku akapika ugali.

Leo wengi wetu mjini Babati na katika vijiji vya kando yake twakaa katika nyumba za matofali ya kuchoma na mabati. Ni nyumba njema, nasi hatumshauri mtu kurudi kwenye nyasi. Jiko limetolewa nje, na macho ya watoto yamepona moshi. Lakini moshi ulipotoka, nafaka ilishuka. Ilishuka kutoka dari ikaja sakafuni, katika pembe ya chumba, ikaegemezwa ukutani. Hapo ndipo tulipopoteza kitu tusichokijua kwamba twakipoteza.

Yafaa wanafunzi waelewe sababu yake. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo sana, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Kama mwashi aliweka tabaka la kuzuia maji juu ya msingi, unyevu hupanda kidogo. Kama hakuweka, ukuta hunywa maji masika yote. Tena, hewa yenye joto huchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Ikigusa kitu cha baridi huuacha mvuke ule, ukawa maji. Mtazame chini ya bati alfajiri ya mwezi wa Julai, wakati baridi ya Mlima Kwaraa inaposhuka mjini, nanyi mtaona matone yananing'inia ijapokuwa mvua haikunyesha. Sasa pembe ya nje ya nyumba ina kuta mbili zipigwazo na baridi hiyo, na hewa yake haizunguki. Kwa hiyo unyevu wa chini, na unyevu wa hewa, hukutana pale pale tulipoliegemeza gunia.

Punje zikipata maji huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini. Sumu hii haina harufu ya kuaminika, wala haiondoki kwa kupika. Ugali uliochemka sawasawa unayo kama unga mbichi. Mwaka 2016 iliwapata watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, yaani mkoa wetu huu. Watu 68 waliugua, na katika hao 20 walikufa. Hawakula chakula kigeni, walikula mahindi. Hatusemi kwamba vifo vile vyote vililetwa na pembe za nyumba, kwa kuwa kuvu yaweza kuanza mahindi yakiwa bado shambani, hasa jua likiyachoma au wadudu wakiyatoboa. Lakini yaliyoanza kuharibika shamba huendelea kuharibika nyumbani, na hapo mwenye nyumba ana uwezo wa kuyazuia.

Basi kanuni yetu ni hii: usiulize kwanza kitu gani chaweza kuenea katika pembe ile. Uliza pembe ile ina hewa gani, kisha ndipo uchague kitu cha kuweka.

Kuijua hewa yake si kazi ngumu. Chukua kipande cha plastiki nyeupe ipitishayo nuru, upana wake kama shibiri mbili kila upande. Kibandike ukutani kwa utepe wa gundi, pande zote nne, hewa isipite, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ulioelekea ukuta, maji yatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, ulioelekea chumba, maji yatoka katika hewa, na dawa yake ni kufungua dirisha. Ukikuta pakavu pande zote mbili, pembe yako ni njema. Jaribu hili masika, siyo Septemba. Mwezi wa Septemba kila ukuta hujidai mkavu.

Ukuta ukiwa na maji, usiweke nafaka hapo, wala vitabu, wala nguo. Jengea pale kiti cha mitungi. Ni kazi ya asubuhi moja: matofali mistari miwili, juu yake bamba la saruji, na ukingo mdogo wa kuzuia maji yaliyomwagika. Mtungi hauogopi unyevu, na ndoo vivyo hivyo. Kwa njia hii hata pembe iliyo mbaya kabisa hupata kazi inayolingana na tabia yake.

Pembe ikiwa kavu, na hasa ikiwa ya ukuta wa ndani usioguswa na mvua, hapo twaweza kujenga kitanda cha magunia. Jenga nguzo fupi za matofali, kimo chake sentimita 30, na kati ya nguzo na nguzo acha kama sentimita 60. Kimo hicho si cha urembo. Kinatosha ufagio upite na paka apite, na mahali apitapo paka panya hapendi kuzaa. Juu ya nguzo weka mbao imara, na kati ya ubao na ubao acha nafasi ya vidole viwili. Kisha, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau, simamisha fito mbili au tatu mbele ya ukuta, umbali wa shibiri moja, uzikaze chini katika mbao na juu katika boriti. Fito hizo ndizo zitakazolizuia gunia lisiuguse ukuta hata mtoto akilisukuma. Mtu atasema, «Mbona mnatupotezea shibiri nzima katika pembe ambayo tayari ni ndogo?» Twajibu kwamba shibiri hiyo ndiyo ghala lenyewe, kwa maana hewa ipitayo pale yafanya kazi ambayo moshi wa bibi zetu uliifanya.

Kabla ya kupandisha gunia, yapime mahindi yenyewe. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hata theluthi yake, kisha tia vijiko vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, uache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani, juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yako tayari. Chumvi ya jikoni huvuta unyevu, kwa hiyo ikaushe kwanza juani au juu ya kikaango, la sivyo jaribio litasema uongo. Kipimo hiki ni cha lazima zaidi kwao watumiao mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, lakini haikaushi kitu. Ukifungia humo mahindi mabichi umefungia na kuvu pamoja nayo.

Tumekwisha sema ya nafaka, ambayo ndiyo mazito. Sasa tuje nyuma ya mlango.

Pembe hii yaonekana haina faida kwa kuwa mlango ukifunguliwa huimeza. Ufungue mlango wako mpaka mwisho, kisha pima kutoka ubao wa mlango hata ukuta ulio nyuma yake, ukikumbuka kitasa, maana kitasa hutokeza. Mara nyingi utapata sentimita 15 au 20. Ni kidogo kwa sanduku, lakini ni kingi kwa vitabu, vikombe, taa, chupa za mafuta ya kula, viatu vya watoto, na madaftari ya shule. Simamisha mbao mbili za ubavuni kutoka sakafuni hata kimo cha mtu, na kati yake pigilia rafu. Ubao wa unene wa sentimita 2 na nusu huweza kubeba vitabu bila kupinda ikiwa urefu wake hauzidi sentimita 80. Ukizidi, weka mhimili katikati. Vitu vizito vikae chini. Piga kigingi sakafuni ili mlango usigonge rafu, la sivyo kila apitaye kwa haraka atavunja vikombe, na lawama itakuwa ya seremala.

Kabla ya seremala kushika msumeno, aulizwe bibi wa nyumba. Mwanamume hupima ukuta kwa utepe, lakini yeye ndiye ajuaye ni kitu gani hutafutwa mara kumi kwa siku na kipi hutafutwa mara moja kwa mwaka. Tumeona rafu nzuri zilizojengwa kwa kimo cha baba, na mama akapanda kiti kila anapotaka chumvi.

Ziko pembe ambazo hata sentimita 15 hazina. Hapo twaweza kuingia ukutani kwenyewe, na katika jambo hili walimu wetu ni watu wa Pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki mbali, karibu mita 2 na nusu au 3 tu. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Ukiweka makabati pande zote mbili hutapata pa kupita. Waashi wa Lamu wakatumia ukuta. Walitengeneza mashubaka madogo, mistari juu ya mistari, kwa chokaa iliyochongwa nakshi, nao huyaita zidaka. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizokuja kwa jahazi kutoka nchi za mbali hata Uchina, na katika chumba cha ndani kabisa zidaka hujaza ukuta mzima, hata mgeni asijue kama ule ni ukuta au kabati. Mji huo wa kale umetiwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na katika mambo yanayowavuta watazamaji ni ukuta huo wenye vitundu.

Lakini asichukue mtu nyundo na tindo kesho asubuhi. Kuta za mawe za Lamu ni nene, kama nusu mita. Ukuta wa nyumba yetu ni tofali moja, karibu sentimita 22, na mwingine ni nusu tofali tu. Ukuta wa nusu tofali usiuguse kabisa. Ukuta wa matofali mabichi usiuguse pia, wala ule uliounganishwa kwa tope, kwa sababu tofali moja likitoka mengine humfuata. Katika ukuta wa tofali moja uliojengwa kwa saruji, waweza kutoa kina cha nusu tofali, yaani kama sentimita 10. Ni shubaka la vikombe, la saa, la vitabu vidogo.

Hapa pana somo ambalo wanafunzi watalipenda. Ukitoboa ukuta, uzito wa matofali yaliyo juu hauanguki wote katika tundu. Matofali hukamatana, na uzito huteremka kwa mshazari kushoto na kulia, hata yanayobaki bila kubebwa ni yale tu yaliyo katika umbo la pembetatu juu ya tundu. Hayo ndiyo yatakayokuangukia, na kwa hiyo huwekwa boriti fupi juu ya tundu, ambayo mafundi huiita lenta, ikilala ukutani sentimita 15 kila upande. Upana wa shubaka usizidi sentimita 60. Lisiwe karibu na kona ya nyumba, lisiwe chini ya mahali boriti ya paa inapokalia, wala mashubaka mawili yasiwe ubavu kwa ubavu. Nyumba ikiwa bado haijajengwa, ni heri mara kumi kumwambia mwashi ayaache mapema, maana kujenga tundu ni rahisi kuliko kulichimba, nawe utaokoa matofali.

Juu ya mlango na chini ya dari hatutakawia. Rafu moja ya juu yatosha kwa masanduku, mablanketi na vyombo vya sikukuu. Usiweke nafaka karibu na bati, kwa sababu ya yale matone ya Julai tuliyoyataja. Na kama jiko liko chini yake, usiweke nguo wala karatasi.

Na dawa? Dawa za mimea, dawa za kuogeshea ng'ombe, na mafuta ya taa visikae rafu moja na chakula, wala chumba kimoja na chakula kama iwezekanavyo, wala visitiwe katika chupa za soda. Mtoto huijua chupa ya soda kwa sura yake. Shubaka moja la juu, lenye kijimlango na kufuli, lafaa kwa kazi hiyo peke yake.

Juu ya mbao twapaswa kusema neno. Mninga ni bora, lakini una bei. Mkaratusi mkavu na mgrivelea hufaa kwa rafu za ndani. Wakaao karibu na msitu wa Duru-Haitemba wanajua kwamba tangu miaka ya 1990 msitu ule unalindwa na vijiji vyenyewe, na atakaye mti huomba ruhusa kwa kamati ya kijiji. Kabati la wizi ni aibu kwa mwenye nyumba. Mbao za kitanda cha magunia zichunguzwe kila mwaka kabla ya mavuno, kwa kuwa yule mdudu dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hali mahindi tu. Hutoboa hata mti, na katika matundu yake hungojea mavuno mapya. Ubao ukitoa unga mweupe ukiugonga, uchome moto, usiusamehe. Wengine hupaka mbao oili chafu ya gari ili kuzuia mchwa. Huko nje kwenye ua ni sawa, lakini usiipake ubao utakaoguswa na chakula. Nyufa zote za ukuta wa pembe ile zizibwe, kisha ukuta upigwe lipu laini na kupakwa chokaa, ili mdudu asipate pa kujificha, na akionekana aonekane mweusi juu ya weupe.

Lipu mbichi imejaa maji. Usipange kitu juu ya kazi mpya hata majuma mawili yapite, madirisha yakiwa wazi mchana, na kama ni majira ya mvua ngoja zaidi, kisha rudia lile jaribio la plastiki. Wengi hututaka shauri kama watie mlango wa mbao mbele ya rafu zao au pazia. Kwa vikombe na vitabu vilivyo karibu na vumbi la barabara, mlango ni bora, ila utobolewe matundu madogo juu na chini. Kwa kitanda cha magunia tungechagua pazia la kitambaa chepesi, lililokatwa shibiri moja juu ya sakafu, lifuliwe kila mwezi.